Barabara Isifukiwe Kabla Haijapimwa

Leo nataka tuzungumze habari ya barabara. Si mashimo, wala matuta, wala foleni ya Mafiati jioni hapa Mbeya. Nataka tuzungumze barabara zilizokufa, na watu wanaozifufua ndani ya kompyuta.

Tuanzie mbali kidogo, Casablanca, nchini Morocco. Tarehe 19 Oktoba 1958 magari ya Formula 1 yalishindana katika barabara za kawaida pembezoni mwa mji ule, mahali panapoitwa Ain-Diab. Upande mmoja barabara ya ufukweni, bahari ya Atlantiki ikiwa pale pale. Upande mwingine barabara kuu ya kwenda Azemmour. Ukiziunganisha kwa vipande vya kando unapata mzunguko wa kilomita 7.618. Wakauzunguka mara 53. Stirling Moss, Mwingereza, alishinda akiwa na gari la Vanwall. Mike Hawthorn akashika nafasi ya pili, na nafasi hiyo ikamtosha kutwaa ubingwa wa dunia kwa tofauti ya pointi moja tu, 42 kwa 41. Dereva mwingine wa Vanwall, kijana aliyeitwa Stuart Lewis-Evans, injini yake ilikwama katikati ya mbio, gari likatoka njiani na kuwaka moto. Alifariki siku sita baadaye hospitalini Uingereza. Tangu siku ile mbio za ubingwa wa dunia za Formula 1 hazijarudi Morocco hata mara moja.

Mji wa Casablanca ukaendelea kukua, kama miji yetu inavyokua. Barabara zikapanuliwa, mizunguko ikawekwa, majengo yakapanda pale palipokuwa shamba na kichaka. Ile njia ya mwaka 1958, kwa upana wake na mabonde yake, haipo tena.

Lakini mtu aliyeko Oslo, au Nairobi, au Mwanjelwa hapa, anaweza usiku wa leo kukaa mbele ya kompyuta, kushika usukani wa plastiki uliofungwa mezani, na kuizunguka Ain-Diab ya mwaka ule. Waliomwezesha ni watu wa kawaida, wapenzi wa magari, ambao hawakulipwa na yeyote. Wanatumia programu inayoitwa simuleta, yaani programu inayoigiza uendeshaji. Kijana anayecheza gemu ya mbio kwenye simu anaona gari na njia. Simuleta hukokotoa uzito wa gari ukihama kutoka gurudumu hadi gurudumu, joto la matairi na mshiko wa lami. Mwaka 1998 kampuni ya Papyrus ya Marekani ilitoa Grand Prix Legends, iliyoigiza magari ya mwaka 1967, na mashabiki wakaanza kuiongezea njia zao wenyewe, nyingi kati yake zikiwa zimeshatoweka duniani. Waitaliano wa Kunos Simulazioni nao wakatoa Assetto Corsa mwaka 2014, wakauacha mlango wazi mtu yeyote aweze kuingiza njia aliyoijenga.

Ngoja niwaeleze wanavyofanya, kwa sababu hapo ndipo penye utamu, na ndipo penye faida kwetu.

Mtu anaanza na picha ya setilaiti ya mji wa leo. Juu yake anatandika ramani ya zamani. Anatafuta kitu ambacho hakijahama: pembe ya jengo, kanisa, daraja, mstari wa ufukwe. Kikipatikana kimoja, cha pili, cha tatu, ramani mbili zinakaa sawa, na njia ya zamani inaanza kuonekana chini ya majengo mapya. Kisha anachukua picha za magazeti na filamu za habari za wakati ule. Anatazama nguzo za umeme upande wa kulia, anahesabu zipo ngapi kabla ya kona. Anatazama kivuli cha mti kimeangukia wapi. Anatazama gari linavyolala upande mmoja likikata kona, na kutokana na ulalo huo anakisia kwamba hapo barabara ilikuwa na mgongo katikati. Usiku mzima anaweza kuumaliza kwenye kona moja.

Akishamaliza kuchora, anajipima. Urefu unajulikana: kilomita 7.618. Kama mchoro wake unatoa kilomita 7.4, kuna mahali amekata njia ya mkato bila kujua, na lazima arudi atafute. Muda nao unajulikana: mzunguko wa kasi kuliko yote siku ile, alioufanya Moss, ulichukua dakika 2 na sekunde 22.5, wastani wa zaidi ya kilomita 190 kwa saa. Kama gari la aina ile, likiendeshwa na mtu hodari ndani ya simuleta, linazunguka kwa dakika 2 na sekunde 10, basi kona zimechorwa pana mno. Ushahidi wa saa ya mwaka 1958 unamsahihisha mchoraji wa leo. Mimi jambo hili linanigusa sana. Ni utafiti wa historia kamili, wenye vyanzo, wenye mizani, wenye kukubali kusahihishwa, na unafanywa na watu ambao wengi wetu tungewaona wanapoteza muda kwenye gemu.

Na kuna jambo moja la ndani ambalo ningependa mlishike. Katika Assetto Corsa, njia huwa na maumbo mawili. Lipo umbo la macho: lami yenye rangi, majani, nyumba, watu. Na lipo umbo la magurudumu, ambalo mchezaji halioni kabisa, wavu wa pembetatu ndogo ndogo unaoyaeleza magurudumu hapa pana bonde, hapa pana kiraka, hapa changarawe imemwagika. Mtu anaweza kukutengenezea mandhari maridadi ya kukutoa machozi, lakini kama wavu ule wa chini ni laini kama sakafu ya terazo, dereva mzoefu atajua ndani ya sekunde kumi kwamba amedanganywa. Kumbukumbu ya barabara inakaa kwenye mikono na makalio ya dereva, na ndiyo iliyo ngumu kuliko zote kuihifadhi.

Sasa turudi nyumbani. Afrika Mashariki mbio zetu kubwa za barabarani zilikuwa Safari. Zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na basi, na ng'ombe, na lori lililokwama, na mto uliofurika. Mwaka 1963 walianza 84, wakamaliza 7. Mwaka 1968 tena, waliofika mwisho walikuwa 7. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na Peugeot 404 yake, na msaidizi wake Chris Rothwell. Mwaka 1972 mashindano yalianzia na kumalizikia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda. Baada ya hapo siasa za mipaka na bei ya mafuta zikayaminya, Safari ikabaki Kenya peke yake.

Na Kenya wameingia kwenye simuleta na kwenye gemu kubwa. Mwaka 2020 mbio za dunia zilipangwa kurudi Naivasha, zikafutwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Gemu rasmi ya mashindano hayo, WRC 9, ilikuwa imeshatengenezwa na Naivasha ikiwemo, ikatoka Septemba mwaka ule ule. Kwa hiyo watoto wa Ulaya na Asia waliendesha vumbi la Naivasha ndani ya kompyuta kabla madereva wa dunia hawajalikanyaga katika mashindano yaliporudi mwaka 2021. Kipande cha Tanzania cha Safari ya zamani, mimi binafsi sijakiona popote kimejengwa kwa uangalifu wa namna hiyo.

Lakini kwa watu wa Mbeya na Iringa, barabara yenye hadithi kubwa kuliko Safari inapita hapa hapa mlangoni. Ni hii ya TANZAM, ya kutoka Tanzania hadi Zambia. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa kibaguzi, na Zambia ikakatiwa njia ya kusini. Mafuta yake mengi, ya magari na ya migodi ya shaba, yakabidi yapite Dar es Salaam. Hapakuwa na bomba wala reli ya kutoka huku. Palikuwa na barabara ya udongo. Malori yakabeba mapipa kutoka bandarini, Morogoro, Mikumi, Iringa, Mbeya, Tunduma, usiku na mchana, kiangazi na masika. Mwaka 1966 ikaanzishwa kampuni ya Zambia Tanzania Road Services kuendesha kazi hiyo. Wazungu wakaipa barabara ile jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Hapo katikati, kwa miaka kadhaa, uhai wa nchi nzima jirani ulipita juu ya tope la mikoa yetu, ukishikwa na mikono ya madereva na matandiboi.

Nani ana ramani ya barabara ile kama ilivyokuwa? Siulizi mstari mwekundu uliochorwa kwenye karatasi. Nauliza upana wake, kona zake, mahali lori lilipokuwa likikwama kila Machi.

Chukueni mlima Kitonga. Anayetoka Dar es Salaam anapita Bonde la Mibuyu, anafika Ruaha Mbuyuni penye vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara, na baada ya hapo mlima unasimama mbele yake. Barabara inajipinda kwenye ubavu wa mlima, ukuta upande mmoja, korongo upande mwingine, nyani wamekaa kwenye ukingo wakingoja kutupiwa ganda la ndizi. Juu kabisa hewa inabadilika, na si muda mrefu unafika Ilula kwenye nyanya. Wenye mabasi na malori wana kanuni ya mlima huu, ile wanayofundishana tangu zamani: gia uliyopandia ndiyo gia ya kushukia. Anayeidharau, akashuka kwa gia kubwa huku akikanyaga breki mfululizo, breki zinapata moto, zinaanza kunuka, na zikishachoka mguu unazama mpaka sakafuni na gari haliitikii. Misalaba na maua ya plastiki kando ya njia ni ya watu waliofikia hapo.

Simuleta nzuri inajua joto la breki. Mtu akiijenga Kitonga kwa vipimo sahihi, akampa kijana wa chuo cha udereva lori la tani thelathini ndani ya kompyuta, kijana yule ataipoteza breki yake mara ya kwanza akiwa kwenye kiti cha ofisi. Atalitazama korongo likimjia, kisha atabonyeza kitufe aanze tena. Ni mafunzo ambayo barabara yenyewe haiwezi kumpa na akabaki hai. Chuo cha VETA Mbeya kingeweza kuitumia, na kingekuwa na wanafunzi tele, kwa sababu vijana wetu tayari wako humo. Angalieni wanavyolichukua gemu la basi la Kiindonesia, Bus Simulator Indonesia, wakalivisha basi rangi za mabasi yetu ya mikoani, wakaliendesha kwenye simu wakisubiri wateja wa bodaboda. Hamu ipo na ufundi unaanza. Kinachokosekana ni barabara yao wenyewe.

Na muda haupo upande wetu. Pale Mbeya jiji, barabara kuu ya TANZAM inajengwa kuwa ya njia nne, kipande cha kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi uwanja wa ndege wa Songwe. Ni kazi njema, sina ugomvi nayo. Foleni ya Mwanjelwa na ajali za mteremko wa Iwambi zimetutesa vya kutosha. Ila kila tingatinga linapopita, barabara ambayo vizazi vitatu vimeijua kwa mwili inaondoka: lile bonde kabla ya daraja, ile kona iliyowafanya abiria wa upande wa dirisha kushika kiti cha mbele, kile kimlima ambapo dereva wa zamani alikuwa akibadili gia bila kufikiri. Iringa nako, ule mpando wa kutoka Ipogolo kwenda mjini juu umeshabadilika sana machoni pa wazee.

Mtasema setilaiti itatukumbukia. Haitoshi. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kiliuzunguka ulimwengu kwa siku kumi na moja kikipima miinuko, na vipimo vile viko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Lakini nukta moja hadi nyingine ni kama mita 30. Barabara yetu ya njia mbili, lami yake ina upana wa mita saba hivi. Kwa vipimo hivyo utapata mlima wa Kitonga wote, mzuri kabisa, na barabara hutaiona. Barabara inahitaji kupimwa kwa karibu, kwa droni, au kwa mtu anayetembea na kifaa mkononi.

Na kazi hiyo Watanzania wameshaiweza. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa mitaa ya Dar es Salaam walitembea mtaa kwa mtaa, mfereji kwa mfereji, wakiichora mitaa inayofurika. Zanzibar walirusha droni juu ya Unguja na Pemba na kuvipiga picha visiwa vizima. Hapa Mbeya tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, chenye wanafunzi wa uhandisi na wa kompyuta. Iringa kuna Mkwawa, kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kuna Ruaha. Mwanafunzi wa historia akikaa na mwanafunzi wa kompyuta na mzee aliyeendesha malori ya mapipa, hiyo ni timu kamili.

Wa historia anahitajika kwa sababu barabara haiendi peke yake. Nje kidogo ya Iringa, kando ya barabara hii hii, uko mnara wa Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Chifu Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Mnara ule Wajerumani waliuweka kumkumbuka mtu wao. Anayeijenga barabara kwenye simuleta atafika pale na itabidi aamue: anauweka mnara tu, au anaweka na habari ya walioshinda? Mimi ningetaka dereva akipunguza mwendo pale asikie simulizi kwa Kiswahili na kwa Kihehe.

Na wa kompyuta asisahau hewa. Mbeya iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,700. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia moja unazopanda. Gari lililokuwa na nguvu farasi mia pale Dar es Salaam, hapa linabaki na themanini na kitu. Kila dereva aliyepandisha mzigo Uyole anajua hilo hata kama hajawahi kuliona kwenye kitabu.

Najua kuna mzazi anayenisikiliza na kusema, huyu anawahimiza watoto wetu kukimbiza magari. La, mama. Wanaokimbizana kwa pikipiki usiku kwenye barabara ya jiji wanauana na wanaua wapita njia, na sitawatetea hata siku moja. Anayetaka mbio za kweli, Tanzania kuna mashindano ya taifa ya mbio za magari, yenye kofia ngumu, gari la wagonjwa na njia iliyofungwa, na Iringa ni mojawapo ya mikoa inayoyapenda. Ninachosema mimi ni kingine: gari la kwenye simuleta halimgongi mtoto wa mtu.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na naomba nikiwa na haja nayo kweli. Mwenye picha za zamani za barabara hii, za lori la baba yako limeegeshwa Chimala, za basi limekwama Igawa, za harusi iliyopita Kitonga mwaka 1970 na ngapi, usizichome wala usiziache zikaliwa na mchwa. Geuza nyuma, andika mahali na mwaka kwa kalamu ya risasi, zipige picha kwa simu, zipeleke kwenye maktaba ya chuo kilicho karibu nawe. Wakala wa Barabara, TANROADS, ninyi mna michoro na vipimo vya barabara kabla ya upanuzi. Viwekeni wazi wanafunzi wavitumie, maana vikishapitwa na ujenzi havina tena kazi nyingine. MUST, wapeni vijana mradi mmoja wa mwaka wa mwisho: kutoka Nsalaga hadi Songwe, kama ilivyokuwa kabla ya tingatinga. Na ninyi wazee mlioendesha Njia ya Jehanamu, mliobaki sasa si wengi. Kijana akija na kinasa sauti akawauliza kona ile mlikuwa mnaiingia kwa gia gani, msimwambie ni mambo ya zamani. Mwambieni gia.